Ugonjwa wa Ukoo: Ni Kosa la Nani?

Majuma machache yaliyopita tulipokea barua kutoka kwa binti mmoja ambaye jina lake hatutalitaja. Mama yake alifariki kwa kiharusi baada ya kusumbuliwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi. Mjomba wake amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Dada yake mkubwa, ambaye hajatimiza hata miaka 40, ameambiwa na daktari kwamba damu yake yapanda na sukari yake yakaribia kupita kiasi. Binti huyu amechumbiwa, na wazee wa upande wa mchumba, walipopata habari hizo, walianza kusita, wakisema kwamba si busara kuoa katika nyumba yenye ugonjwa wa damu. Tena, siku za matanga ya mama yake, aliwasikia wanawake wawili wakinong'onezana jikoni. Mmoja alisema kwamba marehemu alijiua mwenyewe kwa chumvi na mafuta. Mwenziwe akajibu kwamba hapakuwa na la kufanya, kwa kuwa jambo lile limo katika ukoo.

Basi binti huyu atuuliza maswali mawili: Je, mama yangu alikosa? Na mimi, je, nimekwisha kuhukumiwa kabla ya kuzaliwa?

Wasomaji wapenzi, maswali haya si ya binti huyu peke yake. Ni nyumba chache leo zisizokuwa na mtu anayemeza vidonge vya presha au anayepima sukari yake. Kwa hiyo yafaa tuyatazame kwa utulivu, kwanza kwa kuwasikiliza wenye elimu ya mwili, kisha kwa kuuliza dhamiri zetu zatuamuru nini.

Tuanze na jambo la zamani. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alitofautisha vipofu wawili. Aliyezaliwa kipofu, au aliyepofushwa na ugonjwa, hakuna amlaumuye, watu humhurumia. Bali aliyejipofusha kwa ulevi, kila mtu humlaumu. Tofauti hiyo ni ya haki, na hata mtoto mdogo aielewa. Wale wanawake wawili jikoni waliitumia pasipo kujua: mmoja alimweka marehemu katika kundi la kwanza, mwingine katika kundi la pili. Walakini wote wawili walidhani kwamba ni lazima awe katika kundi moja au jingine. Hapo ndipo penye kosa, kama tutakavyoona.

Je, ni kweli kwamba shinikizo la damu hurithiwa? Naam, ni kweli, lakini si kwa namna ambayo wengi wadhani. Katikati ya karne ya 20 madaktari wawili mashuhuri wa Uingereza walibishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Robert Platt wa Manchester alishika kwamba ugonjwa huu hutokana na chembe moja ya urithi: aliye nayo atapanda damu, asiye nayo atasalimika. Kwa maoni yake watu walikuwa wa aina mbili, wazima na wagonjwa, na mpaka kati yao ulichorwa na maumbile yenyewe. George Pickering alikana. Alisema kwamba ukiwapima watu wengi hutaona makundi mawili hata kidogo. Utaona mstari mmoja usiokatika, toka wa chini kabisa hadi wa juu kabisa, na kila mmoja wetu ana mahali pake juu ya mstari huo. Kipimo ambacho madaktari wamezoea kukitumia kuwa mpaka, yaani 140 kwa 90, hakikuchorwa na maumbile. Kimewekwa na wanadamu ili wajue wa kumtibu.

Uchunguzi uliofuata ulimpa Pickering haki katika sehemu kubwa. Wako kweli watu wachache sana ambao chembe moja iliyoharibika yatosha kuwapandisha damu. Mwaka 1963 daktari Grant Liddle wa Marekani alieleza habari za familia moja ambayo ndugu zake walipatwa na shinikizo kali wangali vijana. Mwaka 1994 ilijulikana chembe gani ya urithi iliyokuwa na kasoro: ni ile inayoongoza mlango mdogo ndani ya figo upitishao chumvi. Kwa watu hao mlango haufungiki sawasawa, na figo huirudisha chumvi mwilini badala ya kuitoa. Mgonjwa wa kwanza wa familia hiyo, alipowekewa figo ya mtu mwingine, alipona tatizo lake. Lakini familia za namna hiyo ni adimu. Kwa wengi wetu urithi huja kwa nyuzi nyingi nyembamba. Mwaka 2018 wachunguzi waliokusanya habari za watu zaidi ya milioni moja walifikisha idadi ya sehemu za urithi zinazohusiana na msukumo wa damu kuwa 901. Kila moja huongeza au kupunguza kidogo mno, kwa kawaida chini ya milimita moja ya zebaki katika kile kipimo cha daktari. Mmoja amepata nyuzi nyingi za kupandisha, mwingine amepata chache. Wala hakuna aliyekosa kabisa.

Habari za insulini zafanana na hizo. Insulini ni maji yatolewayo na kongosho, na kazi yake ni kuziambia chembe za misuli, ini na mafuta ziipokee sukari iliyomo katika damu. Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London alionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari si wa namna moja. Wako ambao mwili wao huitii insulini upesi, na wako ambao mwili wao ni mkaidi, hata insulini ikiwapo tele. Mwili mkaidi huilazimisha kongosho ifanye kazi maradufu. Kwa miaka mingi mtu huonekana mzima, kumbe kongosho yake yachoka polepole, hata siku moja yashindwa na sukari yapanda. Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Marekani aliwakumbusha wenzake kwamba ukaidi huo na shinikizo la damu hutembea pamoja mara nyingi, kwa sababu insulini ikizidi, hufanya figo zishike chumvi, tena huchochea mishipa ya fahamu inayokaza mishipa ya damu. Ndiyo maana katika nyumba ya binti wetu magonjwa mawili yamekaa chini ya dari moja. Na hapa pia urithi ni wa nyuzi nyingi: nyingine zahusu kongosho, nyingine misuli, nyingine hata hamu ya chakula.

Mpaka hapa yule mwanamke wa pili aweza kufurahi na kusema: Mnaona? Nalisema limo katika ukoo! Lakini asubiri kidogo, kwa maana ziko habari nyingine.

Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kavirondo Kusini nchini Kenya, aliandika kwamba katika miaka miwili walilazwa wagonjwa wapatao 1,800, na hakumwona hata mmoja aliyetambuliwa kuwa na shinikizo la damu. Miaka mingi baadaye, wachunguzi waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 1990. Msukumo wa damu wa wale waliohamia mjini ulipanda upesi kuliko wa ndugu zao waliobaki kijijini, tena si baada ya miaka mingi, bali tangu miezi ya kwanza. Na mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi waliyoila ilikuwa imeongezeka. Je, damu ya ukoo ilibadilika ndani ya basi la kwenda Nairobi? Hasha! Kilichobadilika ni chakula, kazi, usingizi na mahangaiko.

Ushahidi wa namna hiyo umepatikana kwingineko. Mwaka 1997 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu wenye asili moja ya Afrika Magharibi wakaao mahali mbalimbali. Huko Afrika Magharibi kwenyewe watu wazima 16 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la damu. Katika visiwa vya Karibi 26. Na Marekani 33. Kadhalika Wapima, taifa la wenyeji wa Amerika, ambao wengine wakaa Arizona na wengine katika milima ya Meksiko. Asili yao ni moja. Lakini wale wa Arizona walipoteza maji ya mto wao na kilimo chao cha zamani, wakazoea vyakula vya dukani. Wale wa Meksiko waliendelea kulima kwa mikono. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa watu 38 katika 100 huko Arizona, na kwa 7 tu katika 100 huko Meksiko.

Tena, tusidhani kwamba wenye urithi mbaya hawasaidiki. Huko Marekani watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda waligawanywa kwa makundi. Kundi moja lilifundishwa kupunguza uzito kidogo na kufanya mwendo wa dakika 150 kila juma. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: katika kundi hilo kisukari kilipungua kwa 58 katika kila 100, yaani zaidi ya nusu, kikilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Miaka minne baadaye walichunguza chembe zao za urithi. Waliokuwa na aina mbaya ya chembe iitwayo TCF7L2, ambayo yajulikana kwa kuleta kisukari, walipata ugonjwa upesi zaidi kama hawakufundishwa. Bali miongoni mwa waliofundishwa, tofauti hiyo karibu ilifutika. Basi, walio na hatari kubwa ndio hasa waliokuwa na faida ya kuhangaika.

Hapo sasa mwanamke wa kwanza aweza kuinua kichwa: Kumbe basi ni kosa la marehemu! Naye pia asubiri.

Mwaka 2007 ilijulikana chembe nyingine ya urithi iitwayo FTO. Watu waliorithi aina fulani ya chembe hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, kwa wastani walikuwa wazito kwa kilo 3 hivi kuliko wasioirithi kabisa. Na sababu mojawapo ni kwamba njaa yao ni kali zaidi na shibe yao yachelewa. Fikirini maana yake. Watu wawili wameketi mezani mbele ya sinia moja. Mmoja ainuka baada ya sahani moja bila shida. Mwingine ainuka baada ya sahani moja huku akipigana na nafsi yake. Mtazamaji aona tendo moja, lakini gharama hazikuwa sawa. Na siku moja yule wa pili akishindwa, je, yule wa kwanza ana haki ya kumdharau, naye hajapata kupigana vita ile? Kiasi ni fadhila, lakini fadhila hiyo haikuuzwa kwa bei moja kwa watu wote.

Tena wako waliodhurika hata kabla ya kuzaliwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, sehemu ya Uholanzi iliyokaliwa na jeshi la Ujerumani ilipatwa na njaa kali. Watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati ule walipimwa walipokaribia umri wa miaka 50, na ilionekana kwamba miili yao haikuweza kuitunza sukari vizuri kama miili ya wenzao waliochukuliwa mimba kabla au baada ya njaa ile. Nani atakayemhukumu mtu kwa njaa aliyoipata mama yake?

Tuongeze na jambo lililo wazi kwa kila mwenye macho. Mwenye fedha aweza kuchagua chakula; maskini hula kilichopo. Mama auzaye vitumbua tangu alfajiri hadi usiku hana saa ya kulala vya kutosha, wala kijana aketiye usiku kucha langoni akilinda mali ya watu hana. Kumwambia mtu kama huyo kwamba amejiletea ugonjwa ni kumwongezea jiwe juu ya mzigo.

Sasa twarudi kwa Aristotle na vipofu wake wawili. Tofauti aliyoiweka ni ya kweli, lakini wagonjwa wetu hawamo katika kundi lolote moja kati ya hayo mawili. Katika kila mmoja wao urithi, malezi, umaskini na matendo yake mwenyewe vimesokotwa kama kamba ya minyaa. Nani awezaye kuikunjua kamba hiyo na kusema: sehemu hii ni ya babu, sehemu hii ni ya mwajiri, sehemu hii ni ya marehemu mwenyewe? Wachunguzi husema kwamba baina ya theluthi na nusu ya tofauti za msukumo wa damu kati ya watu yatokana na urithi. Lakini hesabu hiyo ni ya umati wa watu. Haimwambii mtu mmoja kwamba nusu ya ugonjwa wake si kosa lake na nusu ni kosa lake. Mizani ya kupima lawama ya mtu mmoja hatunayo. Na hakimu asiye na mizani hana budi kunyamaza.

Lakini hapa yatupasa kuwa waangalifu sana, maana wengi wakifika hapa huanguka upande wa pili. Wasema: Kama sina lawama, basi sina wajibu, nitakula nitakacho, vidonge nitavitupa, kwa kuwa ni damu ya ukoo. Hoja hiyo ni ya uongo, na uongo wake umeua watu wengi. Lawama na wajibu si kitu kimoja. Lawama hutazama nyuma na kuuliza: nani alileta jambo hili? Wajibu hutazama mbele na kuuliza: nani awezaye kulitengeneza?

Fikirini habari za mtu aliyerithi shamba kwenye mteremko mkali. Hakuuchagua mteremko, wala hakuuchimba. Mvua ikinyesha, udongo wake huchukuliwa upesi kuliko udongo wa jirani mwenye shamba tambarare. Je, alaumiwe kwa mteremko? La. Je, asilime matuta kwa sababu hana lawama? La tena! Yeye hasa ndiye apaswaye kulima matuta, na kuyatengeneza mapema kabla ya masika, ambapo jirani yake aweza kulegea kidogo asipate hasara kubwa. Mteremko haukumwondolea wajibu, umemwongezea. Na akilima matuta kwa bidii, kisha ikaja mvua isiyo ya kawaida ikayabomoa, hatasimama mtu wa busara kando ya shamba akimcheka. Atashika jembe amsaidie.

Mtu atauliza: Je, ni haki kwamba mmoja afanye kazi nyingi kuliko mwenzake kwa sababu ya jambo asilolichagua? Twajibu kwamba si sawa, na wala hatutaki kusema kwamba ni sawa. Maisha hayakugawa mashamba kwa usawa. Lakini ndiyo sababu wajibu huu si wa mwenye shamba peke yake. Jirani asiyejitaabisha kwa mteremko wa mwenzake, na maji yakapita kwake siku moja, atajifunza akiwa amechelewa. Yule apikaye nyumbani ana sehemu yake: si haki mgonjwa aambiwe ajizuie chumvi huku chungu cha nyumba nzima kimetiwa chumvi bila kipimo, naye akapikiwa kando kama mtu aliyefukuzwa. Mwajiri ana sehemu yake. Wenye kutengeneza vyakula vya pakiti wana sehemu yao, maana chumvi ile na sukari ile mnunuzi haioni wala hakuitia. Serikali ina sehemu yake, kwamba vipimo na dawa za kila siku vipatikane kwenye zahanati za vijijini, wala visibaki kuwa vitu vya mjini. Shinikizo la damu halipigi hodi. Mtu asiyepimwa hajui, na asiyejua hawezi kudaiwa wajibu ambao hakufunuliwa.

Iko na haki nyingine, ya wenye elimu wenyewe. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika uchunguzi wa namna hii watu wa asili ya Ulaya walikuwa kama 78 katika kila 100 ya waliopimwa, na wa asili ya Afrika kama 2 tu. Tena ni Waafrika ndio wenye tofauti nyingi kuliko wote katika chembe zao za urithi. Madhara yake si ya maneno matupu. Mwaka huohuo yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa maelfu ya watu wa kijijini huko Uganda. Ilionekana kwamba tofauti fulani ya urithi katika chembe nyekundu za damu, ambayo ni ya kawaida katika nchi zenye malaria, hubadilisha kipimo kimoja kinachotumika sana kutambua kisukari. Maana yake kipimo kilichowekwa kwa damu ya wengine chaweza kumdanganya daktari wetu juu ya mgonjwa aliye mbele yake. Wagonjwa wa Afrika hawaombi hisani wanapodai wachunguzwe nao, wadai haki.

Sasa tumjibu binti yetu.

Juu ya mama yako, mwanangu, twasema hivi: wala wewe, wala wale waliokuwa jikoni, wala sisi hatuwezi kupima alichokiweza na alichoshindwa. Huenda ziko siku alizoacha vidonge, na huenda ziko siku alizokula asichopaswa. Na ni nani kati yetu asiye na siku kama hizo? Lakini hujui ni mara ngapi alijizuia bila mtu kumwona. Umwombolezee kama mama, usimkalie kama mshtakiwa.

Juu yako mwenyewe: hapana, hukuhukumiwa. Umerithi mteremko, hukurithi maporomoko. Nenda ukapimwe damu na sukari, wala usingoje kuumwa, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshike mkono dada yako mwende pamoja. Ukiambiwa umeze dawa, meza, hata siku ambazo wajisikia mzima, kwa kuwa hisia si kipimo cha ugonjwa huu. Na ukiwaambia ndugu zako habari hizi, usiwatishe, waonyeshe njia.

Juu ya uchumba: mwambie mchumba wako kweli yote, yeye mwenyewe, kwa kinywa chako. Anayetaka kushirikiana nawe maisha ana haki ya kujua jambo litakalowagusa ninyi na watoto wenu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kweli hiyo si aibu, na wala usiiseme kwa kuinamisha kichwa kama mwizi aliyeshikwa. Amua mwenyewe nani mwingine ajue; siri ya mwili wako si mali ya kila mpita njia.

Na ninyi wazee wa upande wa mchumba, tunawaheshimu, na hofu yenu twaielewa, kwa kuwa hakuna apendaye kumwona mwanawe akizika mapema. Lakini mwatafuta nyumba ambayo haipo. Tumesema kwamba nyuzi hizi ni mamia kwa mamia, na kila mtu amezipata baadhi yake. Ukoo usio na ugonjwa unaojulikana mara nyingi ni ukoo ambao haujapimwa. Kabla ya kuuliza juu ya damu ya binti huyu, mlikwisha kupima yenu? Mkimkataa kwa sababu hiyo, mtakuwa mmemwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakulitenda, nalo ndilo lililo kinyume cha haki popote pale. Huko Marekani sheria ya mwaka 2008 imekataza waajiri na wenye bima ya matibabu kumtenga mtu kwa sababu ya chembe zake za urithi, ingawa haikugusa bima ya maisha. Kama sheria ya serikali imeona aibu ya jambo hilo katika biashara, je, sisi tulikubali katika ndoa? Afadhali mwende nyote wawili, koo mbili pamoja, mkapimwe siku moja. Huo utakuwa mwanzo mzuri wa undugu kuliko mahari kubwa.

Wasomaji wapenzi, elimu hii mpya ya urithi yaweza kutumiwa na mvivu ili ajitetee, na yaweza kutumiwa na mwenye kiburi ili awatenge wengine. Lakini ikieleweka vizuri yafundisha mambo mawili ambayo ni vigumu kuyashika pamoja: kuwa mkali kwa wajibu wangu, na kuwa mpole kwa udhaifu wa mwenzangu. Mara nyingi sisi hufanya kinyume: wapole kwetu wenyewe, wakali kwa jirani. Basi juma hili, kila mmoja apimwe damu yake kwanza. Kisha, akisikia watu wananong'ona jikoni juu ya marehemu, awaombe kwa adabu wanyamaze, wamsaidie yatima kuosha vyombo.